Ukungu Unaofanya Kazi ya Ini

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie safari ya kidonge. Mgonjwa wa kifua kikuu, awe Mbeya au Iringa, humeza dawa zake asubuhi, na baadaye mkojo hutoka wa rangi ya machungwa. Wapo wanaoshtuka wakidhani ni damu. Ni rifampisini tu, inatoka. Lakini haitoki yote kama ilivyoingia, kwa sababu imepita kwenye ini, na ini halikubali mgeni apite bila kumkagua.

Mmeona togwa ikitengenezwa: uji ukipoa hutiwa kimea cha ulezi, na punde uji mzito hulegea na kuwa mtamu. Kimea kina vimeng'enya, navyo hukata wanga ukawa sukari. Ini lina vimeng'enya vyake vya kushughulikia dawa. Huipachika dawa oksijeni, huikata kipande, au huifunga na kitu kinachoyeyuka majini ili itoke kwa njia ya mkojo au nyongo.

Kinachozaliwa hapo ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1935 Wajerumani walitangaza Prontosil, dawa nyekundu iliyoponya wanyama na watu, ingawa ndani ya chupa ya maabara haikuua bakteria. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakagundua siri yake: mwili uliikata, ukatoa salfanilamidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiponya. Dawa nyingine mwili huigeuza kuwa sumu. Ndiyo maana kabla dawa mpya haijafika dukani, ni lazima ijulikane inageuka nini.

Kujua hivyo si rahisi. Katika damu na mkojo vitu hivyo huwa kidogo mno, na ini la mtu haliwezi kuombwa litoe zaidi. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili wa Marekani, Robert Smith na John Rosazza, walipendekeza kazi hiyo wapewe vijidudu. Kuvu mmoja, Cunninghamella elegans, jamaa wa ukungu unaoota kwenye mkate, ana vimeng'enya vya ukoo mmoja na vile vya ini letu. Hulishwa mchuzi wenye sukari ndani ya chupa inayotikiswa, akishamea hutiwa dawa, na baada ya siku chache mchuzi huchujwa na kupimwa. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa kwamba kuvu huyu alipewa artemisinini, mama wa dawa zetu mseto za malaria, akaipachika oksijeni mahali kadhaa. Ukitaka kiasi kikubwa zaidi, unaongeza chupa.

Mimi naona uzuri hapa, maana rifampisini nayo ina asili ya vijidudu: ilitengenezwa kutokana na kemikali ya bakteria aliyepatikana mwaka 1957 kwenye udongo wa kusini mwa Ufaransa. Ikiingia mwilini, huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi kuliko kawaida, navyo huziharibu dawa nyingine upesi. Kwa hiyo mtu mzima anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU, akianza rifampisini, huandikiwa dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Katika mikoa yetu hii, ambako wengi hubeba magonjwa yote mawili, hesabu hiyo ni uhai wa mtu.

Msidhani kuvu anatosha. Hutengeneza vitu ambavyo sisi hatuvitengenezi, na hajui kwamba watu hutofautiana: isoniazidi, mwenzake rifampisini, kuna wanaozaliwa na ini la kuimaliza haraka na wengine polepole. Hilo hujulikana kwa kupima watu wenyewe, na kiasi cha dawa kinachofaa vilevile. Kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya, cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu (NIMR), kilikuwa miongoni mwa vituo saba vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyowashirikisha wagonjwa 365 wa kifua kikuu katika jaribio la dawa, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Baadhi yao walipewa rifampisini miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito, badala ya 10 zilizozoeleka. Kwao makohozi yalisafika kwa wastani wa siku 48. Waliotumia tiba ya kawaida walingoja siku 62.