Vidonge Sawa, Maini Tofauti

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dawa Mbeya humeza zile zile anazomeza mwenzake wa Iringa: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha mbili za kwanza kwa miezi 4. Dozi hupangwa kwa uzito wa mwili. Uzito, hata hivyo, hauonyeshi ini litaipokeaje isoniazidi.

Ini lina kimeng'enya kiitwacho NAT2, kinachoigeuza dawa hiyo ili itoke kwenye mkojo. Aliyerithi jeni za kasi ndogo kwa baba na kwa mama huigeuza polepole. Dawa hukawia mwilini, na sehemu yake huwa haidrazini, sumu inayoumiza chembe za ini. Mwaka 1960 Evans, Manley na McKusick walithibitisha kwamba kasi hiyo hurithiwa. Si laana ya ukoo wala jambo la nadra: katika jamii nyingi za Afrika, takriban nusu ya watu wako hivyo, na wengi wao humaliza dozi salama.

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, iliko mikoa hiyo miwili, ini hubebeshwa mengi kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 11.1 ya watu wazima Iringa wanaishi na VVU, Mbeya asilimia 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Wengi basi hutumia dawa za TB pamoja na ARV. Wengine wana homa ya ini B. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika, unywaji nao huongezeka.

Hamu ya chakula ikipotea, kichefuchefu kisipokoma, mkojo ukiwa kama chai ya rangi au macho yakiwa njano, mgonjwa arudi kliniki siku hiyo hiyo. Wahudumu husimamisha dawa, hupima damu, na ini likitulia huzirudisha moja moja. Akiziacha kimyakimya nyumbani, TB hupata nafasi ya kurudi, pengine ikiwa sugu.

Japani watafiti walipima jeni kwanza, wakawapa wenye kasi ndogo nusu ya dozi ya isoniazidi. Matokeo ya 2013 hayakuonyesha hata mmoja wao aliyeumizwa ini na dawa hiyo. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeshashiriki jaribio la kupandisha rifampisini kutoka miligramu 10 hadi 35 kwa kilo, lililochapishwa 2017. Uwezo wa kupima dozi kwa umakini upo, na natamani sana NAT2 ipewe zamu yake hapo, ikianzia kwa wagonjwa wa TB wenye VVU.