Funika lebo, uonje! Wikiendi ya mvinyo na msosi Kolandoto

HIVI nani alisema mvinyo ni wa watu wa Masaki na mabosi wa migodini peke yao? Na nani alisema kula vizuri lazima uingie hoteli yenye vitambaa vyeupe, upewe uma tatu usizojua pa kuzishika? Jamani, tuamke!

Ukitaka kuwajua washikaji zako vizuri, usiwapeleke disko. Weka mezani chupa nne za mvinyo, mbili za bei mbaya na mbili za bei poa, halafu kaa pembeni uangalie nani atasifia nini. Utacheka mpaka machozi! Wengi hawasifii mvinyo, wanasifia bei.

Huku kwetu mchezo huo umekuwa ugonjwa. Kuanzia Mwadui kwenye almasi hadi Kahama na Geita kwenye dhahabu, mwenye pesa anatambulikana kwa chupa. Duara la mtu likitema Ijumaa, Jumamosi meza imejaa chupa za Afrika Kusini, Jumatatu mwenye duara anaomba nauli. Na yule wa mshahara wa kawaida naye hataki kuonekana mshamba, basi anakopa ili na yeye aagize. Huko ndiko kufa na tai shingoni! Urafiki mwingi umevunjika hapo, pale bili inapokuja na kila mtu anageuka kuangalia simu yake.

Leo safu yako inakupa wikiendi ya aina nyingine. Mtakula, mtakunywa, mtacheka, na hakuna atakayerudi nyumbani na deni wala na aibu. Sheria ni moja tu: funika lebo!

KWA NINI KOLANDOTO?

Kolandoto ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, ipo kwenye barabara ya kwenda Mwanza. Watu wengi wanaijua kwa hospitali ya Kanisa la AIC, iliyoanzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa Africa Inland Mission. Kuna na chuo cha afya, kwa hiyo vijana wapo wa kutosha: manesi, wanafunzi, walimu, na wale wanaotoka mjini kuja kumsalimia mtu.

Hoteli ya nyota tano hakuna. Sawa, na hiyo ndiyo raha yenyewe! Mnapika wenyewe, na mali iko mlangoni. Nyama ya ng'ombe wa Usukuma ipo. Mchele wa Shinyanga hauhitaji matangazo. Sato wa Ziwa Victoria wanapita kwenye barabara hiyo hiyo. Mpishi wa Paris akiletewa kapu hilo, atakuuliza umelipata wapi.

Ila tukumbushane adabu. Pale ni mahali penye misingi ya kanisa, na kwenye kila kundi la marafiki yupo asiyegusa kilevi. Usimwite mshamba, usimbembeleze. Tutampa kazi kubwa kuliko wote, subiri kidogo.

MVINYO WETU UMETOKA WAPI?

Kabla hujakimbilia chupa iliyovuka mipaka, jua kwamba Tanzania ina mvinyo wake. Mizabibu ilipandwa Dodoma na mapadre kutoka Italia, katika misheni ya Bihawana, mwaka 1957. Walitaka divai ya altare. Wakagundua kwamba ardhi ile kavu yenye mchanga, ambayo watu waliiona ya njaa tu, inaipenda zabibu. Zaidi ya hapo, Ulaya mzabibu unavunwa mara moja kwa mwaka, Dodoma unavunwa mara mbili!

Leo ukienda Makutupora, Hombolo au Mpunguzi utakuta mashamba ya zabibu. Iko aina nyekundu ambayo imechukua kabisa jina la Makutupora. Iko na nyeupe ya Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa.

Lakini mkulima wa zabibu maisha yake si lelemama. Zabibu siyo mahindi ya kuweka ghalani ukisubiri bei. Ikiiva, usipoikamua mapema inaoza. Kampuni ya serikali ya mvinyo, DOWICO, ilipoyumba na kufa, wakulima walibaki wakitazamana na matunda yao. Hata baada ya viwanda binafsi kuingia, kilio cha soko kimesikika mara kwa mara, msimu baada ya msimu. Kwa hiyo ukiidharau chupa ya Dodoma bila kuionja, kwa sababu tu lebo yake haina jina la Kifaransa, ujue kuna mtu shambani anayeilipia hiyo dharau yako.

Hatusemi uinywe kwa huruma, la hasha! Ikiwa mbaya, sema mbaya. Tunachosema ni kwamba ionjwe kwa haki.

WAFARANSA NAO WALIUMBUKA

Unadhani kudanganywa na lebo ni ushamba wa Shinyanga? Sikiliza hii. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza mmoja aliyekuwa na duka la mvinyo mjini Paris, Steven Spurrier, aliwaita Wafaransa tisa mabingwa wa kuonja. Akawawekea mvinyo wa Ufaransa na wa California, Marekani, bila kuwaambia upi ni upi. Wakati ule Mfaransa kuambiwa anywe mvinyo wa Marekani ilikuwa kama Msukuma kuambiwa akanunue ng'ombe Zanzibar.

Wakanusa, wakaonja, wakaandika maksi. Matokeo? Mweupe wa kwanza, California. Mwekundu wa kwanza, California! Mabingwa wenyewe, kwao wenyewe, kwa kalamu zao wenyewe. Tangu siku hiyo dunia ya mvinyo haikuwa ile ile tena.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lebo ndiyo miguu ya hicho kibaya.

JINSI YA KUFANYA

Haya, twende kazini. Tuseme mko saba, mmoja hanywi, sita wanaonja. Nunueni chupa nne: nyekundu mbili na nyeupe mbili. Katika kila rangi, moja iwe ya Dodoma na nyingine ya nje. Nunueni duka linaloaminika, mtazame alama ya TBS, jina la kiwanda na asilimia ya kilevi. Zote ziwe kavu, yaani zisiwe na sukari nyingi, ili mlinganishe vitu vinavyolingana. Mwenye kupenda tamu, ile ambayo mtaani wameizoea kwa jina la dompo, aje na yake ya tano kwa ajili ya mwisho.

Sasa yule asiyekunywa ndiye mwamuzi. Anaingia chumbani peke yake, anafunga kila chupa kwa gazeti (hili hili, ukishalisoma!), anaandika namba moja hadi nne. Yeye peke yake ndiye anayejua siri. Hakuna kumhonga.

Jambo la pili ni joto. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani, lakini chumba walichokusudia ni cha Ulaya, nyuzi 18 hivi. Chumba cha Shinyanga saa tisa alasiri kinaweza kupita nyuzi 30! Mwekundu ukiwa na joto hilo unanuka spiriti tupu. Uweke kwenye friji nusu saa. Mweupe upoe zaidi, saa mbili au tatu. Umeme ukikatika, ndoo ya maji yenye barafu inafanya kazi hata haraka kuliko friji.

Glasi yoyote ya kioo safi inatosha, ila isiwe kikombe cha plastiki cha rangi. Mimina kidogo, kama mililita 50. Kwanza tazama rangi mbele ya karatasi nyeupe. Pili zungusha glasi taratibu, halafu nusa. Tatu piga funda dogo, litembeze mdomoni, ndipo umeze. Waliozoea viroba, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, wanajua kumeza tu. Hapa tunajifunza kuonja.

Usitishwe na maneno ya wataalamu. Mambo ya kutafuta ni manne: utamu, uchachu, ukakasi na ukali wa kilevi. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka kama umekula ndizi mbichi. Hutoka kwenye maganda ya zabibu, ndiyo maana mwekundu unao zaidi kuliko mweupe. Harufu nayo itaje kwa vitu unavyovijua. Wazungu wanasema wanasikia matunda ya kwao. Wewe ukisikia zambarau, ukwaju au embe bivu, sema hivyo hivyo bila woga. Pua ni yako.

Kila mtu aandike maksi kimya kimya, juu ya kumi. Ni marufuku kuchungulia daftari la jirani, maana mtu mmoja mwenye sauti kubwa akisema "huu ndiyo wenyewe!" wote mtafuata kama kondoo.

MEZANI SASA

Mvinyo bila chakula ni nusu ya habari. Anzeni na michembe iliyochemshwa na karanga za kukaanga. Ndiyo, michembe! Ule utamu wake wa viazi na mafuta ya karanga unakwenda vizuri na mweupe uliopoa.

Ifuate sahani ya sato aliyechomwa, chumvi na limau tu. Hapa mweupe mkavu ndiyo mahali pake, kwa sababu uchachu wake unafanya kazi ile ile ya limau. Jaribu sato huyo na mwekundu wenye ukakasi mwingi, utasikia ladha ya chuma mdomoni. Hapo utaelewa mwenyewe kwa nini watu wanasema samaki na mweupe. Siyo maringo, ni ulimi unaosema.

Kisha nyama choma ya ng'ombe, yenye mafuta kidogo, na nsansa ya karanga pembeni. Hapo ndipo mwekundu unapotawala. Mafuta na nyama vinaulainisha ule ukakasi, na ukakasi unasafisha mafuta mdomoni. Vinasaidiana kama mke na mume wanaoelewana. Ila pilipili muiangalie: pilipili kali na kilevi kikali vikikutana mdomoni vinawasha moto. Anayependa pilipili ashike ile tamu.

Wali wa Shinyanga uwe katikati ya meza, na maziwa ya mgando kwa anayetaka. Mwamuzi wetu naye asipewe soda ya uvuguvugu kama mtoto aliyesahauliwa! Mtengenezewe juisi ya rozela, isiyo na sukari nyingi, imiminwe kwenye glasi nzuri kama za wengine. Ina rangi ya divai, ina uchachu, ina na ukakasi. Inakwenda na nyama choma bila kuona haya.

Mkimaliza kula, mwamuzi ajumlishe maksi na afungue magazeti mbele ya watu wote. Hapo ndipo kasheshe! Huenda wa nje ukashinda, huenda wa Dodoma ukaupita. Vyovyote vile, kila mmoja ataondoka anajua ulimi wake unapenda nini. Safari nyingine mfukoni kukiwa na hela kidogo, hatatetemeka mbele ya rafu ya chupa.

HESABU ZA MAPEMA

Fedha isubiriwe mezani? Hapana! Mchango ukusanywe Jumatano, na kiwango kipangwe kwa kumtazama mwenye kipato kidogo kuliko wote, siyo mwenye kikubwa. Asiye na hela alete kuku au nguvu zake za kuchoma nyama. Asiyekunywa asilipie chupa. Mwenye mkwanja wa ziada akitaka kuongeza, aongeze kimya kimya.

Na kilevi nacho kina hesabu yake. Chupa nne za mililita 750 kwa watu sita ni nusu lita kwa kila mtu. Kwa mvinyo wa asilimia 12, hiyo ni karibu sawa na bia mbili na nusu za nusu lita, zenye asilimia 5. Ni nyingi kuliko inavyoonekana kwenye glasi! Kwa hiyo maji yawe tele mezani, na si lazima chupa ziishe. Zizibeni, zirudi kwenye friji, zitakuwa nzuri kwa siku mbili tatu.

Ile barabara ya Mwanza ina malori na mabasi, na usiku haina mzaha. Aliyeonja asiguse usukani wala pikipiki. Mwenye zamu wodini kesho alfajiri, mama mjamzito, anayemeza dawa zisizopatana na kilevi na aliye chini ya miaka 18, hao wote juisi ya rozela inawatosha. Wengine mlale pale pale, hata chini kwenye mkeka.

Jumapili wanaokwenda ibadani waende, wanaobaki waoshe vyombo. Mchana pashieni wali uliobaki, mchemshe chai ya rangi yenye tangawizi, halafu mfungue mjadala: je, kuna aliyebadili mawazo baada ya lebo kuonekana? Maana yupo mtu wa hivyo katika kila kundi, aliyeupa mvinyo maksi tatu ukiwa umefunikwa, na baada ya kuona jina anadai aliandika nane. Daftari lipo, mwamuzi analo. Mwonyesheni!

Haya washikaji, gazeti mnalo, chupa zipo madukani. Mwanga mwema!