Majina ya Umri wa Mifugo Katika Zaka

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mfugaji mmoja mwenye ng'ombe 40 alitoa zaka ya ndama dume wa mwaka mmoja. Kumbe mwalimu wake alikuwa ameyafasiri maneno mawili ya Kiarabu, tabii na musinna, kwa neno moja tu: "ndama". Nia ya mfugaji ilikuwa njema, lakini haki ya mafakiri haikutimia. Ndiyo maana hatuna budi kuyajua majina haya.

Tukianza na ng'ombe, tabii ni ndama aliyetimiza mwaka mmoja. Ameitwa hivyo kwa kuwa bado humfuata mama yake. Musinna ni mtamba aliyetimiza miaka 2, na jina lake limetoka kwenye neno sinn, yaani jino. Muadh bin Jabal (R.A.) alipotumwa Yemen, aliamrishwa achukue tabii katika kila ng'ombe 30, na musinna katika kila 40. Basi mwenye 60 hutoa tabii 2, na mwenye 70 hutoa tabii mmoja na musinna mmoja.

Ama ngamia, majike hutajwa hivi:

Bint makhadh: ametimiza mwaka 1, hutolewa kwa ngamia 25. Si kwamba yeye ana mimba, bali mama yake amefikia wakati wa kubeba mimba nyingine.

Bint labun: miaka 2, kwa ngamia 36. Mama yake amezaa tena na ana maziwa.

Hiqqa: miaka 3, kwa ngamia 46. Amestahiki kupandwa na kubebeshwa mizigo.

Jadhaa: miaka 4, kwa ngamia 61.

Limebaki neno saima, yaani mnyama anayejilisha mbugani kwa malisho yasiyogharamiwa. Imam Shafii, pamoja na wanazuoni walio wengi, ameliweka kuwa sharti. Imam Malik hakulishurutisha. Kwa hiyo, katika madhehebu ya Shafii, ng'ombe wa maziwa anayekatiwa majani bandani hana zaka ya mifugo. Lakini akiwekwa kwa ajili ya kuuzwa, huingia katika zaka ya biashara.

Ndugu zangu maimamu, msomapo mlango huu, mketisheni pia mfugaji mzoefu. Yeye atawaonyesha kwa meno ya mnyama yale ambayo kitabu kimeyataja kwa jina.

Wallahu aalam.