Askofu Steere na Wapiga Chapa wa Unguja

Ukikishika kitabu chako mbele ya kioo, utaona maneno yote yamegeuka, wala hutaweza kuyasoma upesi. Walikuwako zamani wavulana katika kisiwa cha Unguja walioweza kuyasoma maneno yaliyogeuka namna hiyo kama wewe unavyousoma ukurasa huu, maana ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kila siku. Mwalimu wao alikuwa Mwingereza, jina lake Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Kwanza alisoma sheria akawa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo, akawa kasisi wa kijiji katika nchi ya Lincolnshire. Mwaka 1863 rafiki yake, William Tozer, alifanywa Askofu wa misheni iliyoanzishwa na watu wa Vyuo Vikuu vya Uingereza. Steere akafuatana naye Afrika, akikusudia kumsaidia kwa muda mfupi tu. Misheni hiyo ilikuwa imepatwa na msiba mkubwa, kwa kuwa Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862, na wenzake kadhaa walikufa vilevile. Basi Tozer akaona afadhali kuanza upya mahali pengine, wakaja Unguja mwaka 1864.

Siku zile Unguja palikuwa na soko kubwa la watumwa. Majahazi yalikuja yamejaa watu waliotekwa bara, wengi wao watoto. Sultani, Sayyid Majid, alimpa Askofu wavulana watano waliotolewa katika jahazi moja, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Msomaji, simama kidogo hapo ufikiri. Watoto wale walikwisha kutekwa, wakatembezwa njia ndefu, wakapakiwa jahazini, na sasa wametolewa tena, mara hii kuwa zawadi. Hapana mtu aliyewauliza wataka nini. Wakaingizwa katika nyumba ya wageni weupe, wasijue wanatakiwa kwa kazi gani.

Tena palikuwa na shida ya lugha. Wazungu wale walikuwa hawajakijua Kiswahili, na watoto wenyewe walitoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao. Hivyo katika nyumba ile mwalimu na wanafunzi walijifunza lugha moja pamoja, na mara nyingi wanafunzi ndio waliotangulia, kama ilivyo desturi ya watoto.

Steere hakuona haya kuwa mwanafunzi. Aliwaendea masheikh na watu wa mjini waliojua maneno mazuri, akawasikiliza, akaandika. Usidhani kwamba Kiswahili hakikuwa na maandishi kabla yake. Washairi wa pwani walikuwa wameandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu tangu zamani sana. Walakini herufi zile zilitengenezwa kwa lugha nyingine. Katika maandishi ya zamani herufi moja, yaani be, iliweza kusimama mahali pa b, na p, na mb pia. Mtu aliyeijua lugha vizuri hakupata taabu, kwa maana aliyatambua maneno yote. Mtoto aliyetoka Nyasa juzi angetambuaje kama limeandikwa "baba" au "papa"? Kwa hiyo Steere aliandika kwa herufi za Kirumi, kila sauti na herufi yake.

Alipenda hasa kusikiliza hadithi. Jioni wasimulizi walimsimulia, naye akaandika kama walivyosema, bila kuwatengenezea maneno. Mwaka 1870 hadithi hizo zilitolewa katika kitabu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Imo habari ya Sultani Darai, na ya paa aliyemtumikia bwana wake maskini kwa uaminifu, asilipwe ila ubaya. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, na wageni wengi walijifunza lugha kwa kitabu hicho kwa miaka mingi. Hao wote kwa kweli walifundishwa na watu wa mjini Unguja, ingawa jina lililoandikwa juu ya kitabu ni moja tu.

Sasa tutazame kazi ya chapa. Shule isiyo na vitabu ni shida, na kuleta kila karatasi kutoka Ulaya kulichukua miezi mingi. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa, na Steere akawatia wavulana katika kazi hiyo. Mwaka 1867 walikwisha kupiga chapa hapohapo Unguja kitabu kidogo cha lugha ya Kisambaa.

Kazi ilikwenda hivi. Kila herufi ilikuwa kipande chembamba cha risasi, na juu ya ncha yake imechongwa herufi iliyogeuka. Herufi ziliwekwa katika kasha kubwa lenye vyumba vingi vidogo, a mahali pake, k mahali pake. Mvulana alisimama mbele ya kasha, mkono wa kushoto ameshika kibao cha chuma, na kwa mkono wa kulia akaokota herufi moja moja na kuzipanga mpaka mstari utimie. Ukurasa ulipokwisha kupangwa, ulifungwa sana usitawanyike, ukapakwa wino, karatasi ikawekwa juu yake, ikagandamizwa. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kutazamia makosa tu. Waliisoma, wakatoa herufi mbaya, wakatia nzuri, ndipo wakapiga nyingi. Kisha ikaja kazi ambayo nadhani hapana mvulana aliyeipenda, nayo ni kuosha herufi zote na kuzirudisha kila moja katika chumba chake. Aliyerudisha n katika chumba cha u alimtayarishia mwenzake makosa ya kesho.

Tena kasha la herufi lililotengenezwa kwa Kiingereza huwa na e nyingi kuliko herufi nyingine, lakini Kiswahili hutumia a kupita kiasi, na k na w pia. Hesabu mwenyewe a zilizomo katika maneno haya: "watu waliwapa wavulana karatasi." Utaona mara moja jinsi chumba cha a kinavyoweza kuwa kitupu kabla ukurasa haujatimia.

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akakaa mpaka mwaka 1872, ndipo akaja tena Unguja. Alikuta tufani kubwa ya mwaka ule imeharibu vitu vingi. Mwaka 1873 Sayyid Barghash aliweka mkataba na Waingereza, soko la watumwa likafungwa, na misheni ikapata kiwanja kilekile. Siku ya Krismasi mwaka 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere, aliyefanywa Askofu mwaka 1874, aliisimamia kazi ile mwenyewe. Paa lake si la mbao wala la bati, bali ni kuba ndefu ya mawe ya matumbawe yaliyovunjwa na kuchanganywa na saruji, na watu wengi walisema hakika litaanguka. Krismasi ya mwaka 1879 watu walisali chini yake, na limesimama hata leo. Wenyeji husimulia kwamba nguzo fulani zilisimamishwa juu chini wakati Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo.

Safari zake zilikuwa nyingi. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Mataka katika nchi ya Wayao. Mwaka 1876 aliwachukua watu waliofunguliwa utumwani, waliotaka kurudi bara, akapita nao Lindi, na mji wao ukaanzishwa Masasi. Pamoja na hayo yote hakuacha kufasiri. Alifasiri Agano Jipya katika Kiswahili. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga.

Na wale wavulana? Mmoja wa wale watano wa kwanza, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Kijana mwingine aliyetoka katika shule ya misheni, iliyokuwa Kiungani, aitwaye Cecil Majaliwa, alipewa daraja ya ukasisi mwaka 1890, akafanya kazi bara, kaskazini mwa mto Ruvuma. Na mwaka 1888 Kiungani lilianza kupigwa chapa gazeti lililoitwa Msimulizi. Humo waliandika wanafunzi wa zamani waliotawanyika bara na visiwani: nani ameoa, nani amekufa, shule ya wapi ina watoto wangapi, mvua imenyesha au haikunyesha. Waliandika habari hizo wenyewe, na wenzao wa Kiungani wakazipanga herufi kwa herufi.