Kocha Mmoja, Timu Mbili: Softiboli ya Wasichana Nchini Marekani

Msichana wa Marekani anayecheza softiboli kwa dhati huwa na timu mbili. Moja ni ya shule yake. Nyingine ni ya klabu, inayoitwa timu ya safari kwa kuwa huzunguka miji na majimbo kufuata mashindano. Kwa kawaida kila timu ina kocha wake. Hata hivyo wapo makocha, wengi wao walimu au wazazi, wanaofundisha pande zote mbili ndani ya mwaka mmoja, na kazi yao ina kanuni na majaribu ambayo kocha wa timu moja hakutani nayo.

Mchezo wenyewe ulianzia Chicago mwaka 1887, ukichezwa ndani ya ukumbi. Ni ndugu wa besiboli, ila mpira ni mkubwa zaidi na uwanja ni mdogo: besi zimeachana mita 18.3, na katika mechi za sekondari mrushaji husimama mita 13.1 kutoka kwa mpigaji. Timu huwa na wachezaji tisa uwanjani, na mechi ya shule huenda iningi saba, yaani zamu saba za kupiga kwa kila upande. Shuleni mchezo ulipata nguvu baada ya sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Shule zilizozoea kugharimia michezo ya wavulana peke yake zikalazimika kuwafikiria na wasichana.

Kocha wa shule hufanya kazi na wale alionao. Hawezi kuvuka mipaka ya shule kwenda kutafuta mchezaji, na mwanafunzi ambaye alama zake za darasani zimeshuka chini ya kiwango haruhusiwi kucheza hata kama ndiye tegemeo la timu. Ikitokea mwaka fulani shule haina mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kocha hana budi kumtengeneza. Humchukua msichana shupavu aliyezoea kucheza nyuma ya uwanja, akamvisha kinga za kifua na magoti, na kwa siku kadhaa akamrushia mipira inayodunda ardhini bila kumruhusu kuidaka kwa glavu. Anachotakiwa ni kupiga magoti, kukunja mabega kuelekea mbele na kuuacha mpira umgonge kifuani uanguke karibu naye. Ni mafunzo yanayouma kidogo na hayana mbwembwe. Yakishika, timu nzima hubadilika, maana mrushaji hathubutu kurusha mpira wa chini kama hamwamini aliye mbele yake. Kazi ya aina hii ndiyo inayomkomaza kocha, na shule ndiyo humlazimisha kuifanya.

Timu ya safari ina desturi nyingine kabisa. Wachezaji hupangwa kwa umri, wasiozidi miaka 10, 12, 14, 16 na 18, na huchaguliwa kwa majaribio ambayo klabu nyingi huyafanya mwishoni mwa kiangazi. Mzazi hulipa ada, sare, hoteli na mafuta ya gari, na kwa timu za ngazi ya juu gharama hufika maelfu ya dola kwa mwaka. Mashindano huendeshwa chini ya vyombo kadhaa. Mkongwe kati yao ni USA Softball, kilichoanzishwa mwaka 1933 kwa jina la Amateur Softball Association na kubadilisha jina mwaka 2017. Ratiba iliyozoeleka ni mechi za makundi Jumamosi na mtoano Jumapili. Mechi nyingi huwekewa muda, na muda ukishakwisha haianzishwi iningi mpya. Kwa hiyo kocha aliyetoka kwenye iningi saba za shule anapaswa kubadilisha fikra: mchezaji wa akiba aliyezoea kumwingiza iningi ya tano huenda asipate nafasi kabisa.

Kalenda ndiyo inayomwezesha mtu kushika timu zote mbili. Katika majimbo mengi msimu wa shule ni majira ya kuchipua, kuanzia Februari au Machi hadi Mei au Juni, kisha klabu hushika Juni na Julai. Georgia, Nebraska na Colorado hucheza softiboli ya shule kuanzia Agosti, kwa hiyo huko mambo hugeuka. Vyama vya michezo vya majimbo huweka pia mipaka ya kocha kuwafundisha wanafunzi wake nje ya msimu. Michigan, kwa mfano, huruhusu kocha wa shule kufundisha wanafunzi wachache tu kwa wakati mmoja wakati wa mwaka wa masomo. Lengo ni kuizuia timu ya shule isijigeuze klabu ya mwaka mzima, na asiyelipa ada ya klabu asipoteze nafasi yake shuleni.

Hapo ndipo penye mgogoro mzito kuliko yote. Kocha anayepokea ada za wazazi wakati wa kiangazi ndiye atakayechagua kikosi cha shule msimu ukifika. Binti wa klabu yake akipata nafasi, minong'ono huanza. Na mara nyingine minong'ono hiyo huwa na ukweli, kwa sababu ni vigumu kumtazama kwa macho mapya mchezaji uliyemfundisha kiangazi kizima. Nia njema haitoshi. Kocha makini huwavalisha wasichana namba siku ya majaribio, hupima mbio zao kwa saa, na huwaachia wasaidizi wasio na uhusiano na klabu watoe alama zao kabla yeye hajasema neno. Pia huuambia uongozi wa shule mapema, kwa maandishi, ni wachezaji gani anaowafundisha nje. Kocha anayeliona hilo kama kudhalilishwa hajaelewa uzito wa nafasi yake.

Upande wa klabu una mvuto wake, nao ni vyuo vikuu. Ligi za vyuo huchezwa majira ya kuchipua, wakati uleule wa shule nyingi, kwa hiyo makocha wa vyuo hawapati nafasi ya kuzunguka kutazama mechi za sekondari. Huwasaka wachezaji kwenye mashindano ya kiangazi. Zamani wasichana wa darasa la nane waliahidiwa nafasi chuoni; tangu 2018, kanuni za NCAA, chombo cha michezo ya vyuo, zinamzuia kocha wa chuo kuzungumza na mchezaji kuhusu usajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki na yalichelewa.

Mzigo wa misimu hiyo miwili humwangukia hasa mrushaji. Katika softiboli mpira hurushwa kwa mkono unaozunguka duara zima kando ya mwili, kisha huachiwa karibu na nyonga. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa urushaji huo ni wa asili na hauumizi, ndiyo maana msichana mmoja aliweza kurusha mechi zote za Jumamosi na Jumapili. Vipimo vya wataalamu wa mwendo wa viungo vimeonyesha kuwa bega la mrushaji wa softiboli huvutwa kwa nguvu inayokaribia ile ya mrushaji wa besiboli, na maumivu ya mbele ya bega ni ya kawaida. Ratiba za mtoano huongeza hatari, kwani pale timu inapotolewa baada ya kufungwa mara mbili, iliyofungwa mapema hulazimika kucheza mechi nyingi zaidi ili ifike fainali.

Mwaka 2017 shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya sekondari lilivitaka vyama vyote vya majimbo kuweka kikomo cha mipira anayorusha mchezaji wa besiboli. Softiboli haikuwekewa sharti la namna hiyo. Hesabu imebaki mikononi mwa kocha, na makocha wawili wasiozungumza kila mmoja huona nusu tu. Anayeongoza timu zote mbili anaweza kuandika katika daftari moja mipira yote, ya mechi na ya mazoezi, kuanzia baridi ya Februari hadi Julai, akaona wapi mkono umechoka, akaamua miezi ya mapumziko. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi hizi mbili kufanywa na mtu mmoja. Kocha asiye tayari kuliandika daftari hilo na kulitii, hata Jumapili ya fainali, ni afadhali abaki na timu moja.