Ndege saa mbili, safari siku mbili: mzazi asome nini kwenye tiketi ya mwanawe

MKAZI wa Mwanga hahitaji kufundishwa kwamba umbali ni kitu kimoja na muda ni kingine. Kwenda Same ni takriban kilometa 50 za lami, na gari halichelewi kufika. Kupanda Usangi kilometa ni chache zaidi, lakini kona za mlimani hazitaki haraka.

Somo hilo husahaulika pale mtoto anapopata chuo India. Mzazi anatafuta kwenye simu umbali wa Mumbai hadi Chennai, anajibiwa: kilometa kama 1,030 kwa anga, ndege inatumia takriban saa mbili. Anashusha pumzi. Kwa treni ingekuwa karibu siku nzima.

Lakini saa hizo mbili ni kipande kidogo tu cha safari. Kutoka Mwanga hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 500, na basi hula sehemu kubwa ya siku. Dar es Salaam hadi Mumbai ni kama kilometa 4,700, yaani saa sita hivi angani. Akishuka Mumbai, mtoto anapanga foleni ya uhamiaji, anachukua mizigo yake, anapita forodha, kisha anaikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Kuunganisha ndege kwa saa moja na nusu ni kumtafutia mtoto matatizo. Aliyeondoka Mwanga Jumapili asubuhi anaweza kufika Chennai Jumanne.

Jambo la pili ni saa zenyewe. Muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa mahali ndege ilipo. India iko mbele ya Tanzania kwa saa mbili na nusu. Kwa mfano, ndege ikiondoka Dar es Salaam 17:00 na kutua Mumbai 01:30, mzazi atahesabu saa nane na nusu, kumbe mtoto amekaa angani saa sita. Kati ya Mumbai na Chennai hesabu hiyo haihitajiki, kwa kuwa India nzima inatumia saa moja.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye tarehe. Tiketi ikiandikwa Jumanne 00:40, maana yake ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia Jumanne. Mtoto anatakiwa awe uwanjani Jumatatu jioni, saa tatu au nne kabla ya ndege kuondoka. Atakayempeleka Jumanne usiku ataambiwa ndege iliondoka usiku uliopita, na nauli iliyopatikana kwa kuuza ng'ombe au kukopa kwenye kikundi inaweza kupotea.

Dawa yake ni karatasi moja. Kabla ya kulipa, mzazi na mtoto wakae pamoja waandike kila hatua kwa saa ya Kiswahili: siku, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na jengo la uwanja ambalo ndege inayofuata inaondokea. Nakala moja mtoto aondoke nayo, nyingine ibaki nyumbani.

Nakala hiyo ya nyumbani ina kazi yake. Simu ya mtoto isipopatikana usiku kucha, mama anaitazama, anaona kwamba mwanawe bado yuko angani, anarudi kulala.