Farasi wa mwisho wa krevete

Kule Oostduinkerke, pwani ya Ubelgiji, maji ya bahari yakishuka, watu wanasimama mchangani na kamera mkononi. Wanangoja farasi.

Ni farasi wa Brabant, wazito, miguu sawa nguzo. Zamani, katika migodi ya makaa ya Ubelgiji, farasi walikuwa wanavuta mabogi chini ya ardhi, mpaka mashine zikawaondoa. Hapa baharini wamebaki. Mvuvi anaketi juu, koti ya njano mwilini, vikapu viwili pembeni, na farasi anaingia mpaka maji yanamfika kifuani. Anakokota wavu nyuma. Mbao mbili zinaupanua. Munyororo unatikisa mchanga, krevete wanaruka, basi wamenaswa.

Mwaka 2013 UNESCO iliandika kazi hii katika urithi wa utamaduni wa wanadamu. Familia 12 tu ndizo zilikuwa zinaifanya. Nyuma ya pwani kuna vilima vya mchanga vinavyolindwa na sheria. Ni vema, lakini sheria haimufundishi farasi asiogope wimbi. Hiyo ni kazi ya mutu, siku kwa siku.

Sisi wa migodi tunajua kupigwa picha: mupigaji anakuja, anapiga, anaenda zake. Farasi ndani ya mawimbi, ndiyo, ni picha nzuri kabisa. Tungemuomba tu abaki kidogo, mpaka mvuvi ameshuka, nguo zinachuruzika maji, anachekecha krevete na kutenga wale wadogo, farasi wake amesimama karibu, anangoja kurudi nyumbani.